Jina Kwenye Mguu wa Kichanja

Uvira, Mulongwe, tarehe 4 Februari 2024

Mdogo wangu Thaddée,

Nakusalimu weye, mke wako Olive, na huyo ambaye bado yuko tumboni. Huku tuko. Mdogo wetu Jolie alilala na malaria wiki mbili, sasa anakula bugali kama mbeba magunia. Paa la chumba cha marehemu mama linavuja palepale ulipoliacha likivuja. Mvua ya mwaka huu haijui kupumzika, na samaki mdogo kama ndagala asiyeona jua siku mbili mfululizo si chakula tena, ni mbolea.

Sasa neno lenyewe. Kampuni yenu inataka ndagala yangu. Sikupitia mgongoni mwako. Nilituma kilo tano za kuonja kwa mkono wa Semana, yule mfanyabiashara wa Kalundu anayevuka kila mwezi mpaka Kalemie na kupanda malori hadi kwenu Kolwezi. Mimi nilisikia tu kwamba kuna kampuni inayowapikia watu wa migodini. Jibu liliporudi ndipo nikaona juu ya karatasi jina lilelile lililo kwenye shati lako katika ile picha uliyotutumia na Olive. Wanataka tani tatu kwa mwezi. Nimepiga hesabu: vichanja arobaini na viwili vya kuanikia, kilo sabini na mbili kila kichanja kwa mwezi wa siku ishirini na mbili za jua. Inawezekana, na inabaki kidogo ya kula.

Lakini kabla ya kununua wameleta kijitabu: Kanuni za Mwenendo za Wauzaji. Kurasa kumi na tisa, maswali sabini na manne. Nimekisoma mara mbili. Mengi ni mazuri, sitakudanganya. Mtu asifanye kazi bila kupumzika, mtu asipigwe, mikono ioshwe. Nimejibu maswali sabini na moja. Matatu yamenishinda.

La 40 linauliza choo cha wafanyakazi kiko umbali gani. Hilo nitalijibu kwa koleo.

La 18 linataka orodha ya wafanyakazi wote, jina, mwaka wa kuzaliwa na alama ya kidole. Unajua ilivyo kwetu. Asubuhi mitumbwi ikifika, naita majina ya vichanja, siiti watu. Mwenye kichanja akifa, jina lake linabaki limeandikwa kwenye mguu wa kichanja mpaka mtoto wake wa mwisho atakapooa au kuolewa, na anayeshika kazi anaitikia kwa jina hilo. Kwa hiyo nikiita Hatungimana Spès, Jolie anasema "niko", na fungu la samaki la mama linamwagwa. Wako wanne wa namna hiyo, wale wanne tuliowazika mwaka wa mafuriko. Sasa niandike Spès au Jolie? Nikiandika Jolie, kesho atatokea mtu aseme kichanja ni cha mtu tu, si cha nyumba, na nyumba za yatima zitapoteza fungu.

La 61 linauliza: Je, una ndugu anayefanya kazi katika kampuni? Nataka kuandika: Ndiyo, mdogo wangu Thaddée, ofisini, biro ya manunuzi. Niambie kama ndivyo.

Dada yako,
Sidonie


Kolwezi, 3 Machi 2024

Yaya Sidonie, dada yangu mkubwa,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. Olive amejifungua tarehe 19, mtoto wa kike. Tumempa jina la Spès. Alipolia mara ya kwanza nilisikia sauti ya mama akigombana na wavuvi. Mshukuruni Mungu pamoja nasi. Vumbi la hapa linamsumbua kifua kidogo, daktari anasema litazoeleka.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimefunga mlango. Yaya, nakuomba sana: swali la 61, andika hapana. Mwezi wa kwanza sisi wa biro nasi tulijazishwa fomu, tukaulizwa kama tuna ndugu anayeiuzia kampuni. Niliandika hapana, na siku hiyo ilikuwa kweli. Sasa nikienda kurekebisha wataniuliza nilijua lini. Mwenzetu mmoja alichelewa kusema juu ya shemeji yake anayeuza unga, alipewa barua ya kufukuzwa siku hiyohiyo, na nyumba tunayokaa ni ya kampuni. Usinipigie simu, hii simu ni yao. Andika, umpe Semana, ampe Olive.

La 18 lisikupe shida. Andika majina kama yanavyoitwa asubuhi, usiongeze wala usipunguze. Wanachotaka ni idadi tu.

Ninafurahi kwamba ni ndagala yetu.

Thaddée


Uvira, Mulongwe, 28 Aprili 2024

Mdogo wangu,

Tumempokea Spès mdogo kwa shangwe. Jolie aliruka mpaka akamwaga karai zima la ndagala, na mama Uwacu wa kichanja namba sita, ambaye hajamsamehe mtu yeyote tangu azaliwe, akamsamehe. Mpake mtoto mafuta ya mawese kifuani. Daktari hajui kila kitu.

Nilifanya ulivyosema. La 61, hapana. Mkono ulikuwa mzito, maana mimi ndiye niliyemwambia mama atoe fungu lake lote ili usome; nilihesabu magunia, yalikuwa sitini na mawili kwa miaka mitano, na sasa naandika kwamba sikujui. Lakini weye ndiye unayeijua nyumba hiyo. La 18, majina arobaini na mawili kama yanavyoitwa, kila mwanamke kidole chake mbele ya jina la kichanja anachoshika.

Wamekubali. Kontra imefika na muhuri. Mwezi huu wa nne nimepeleka tani mbili na nusu, wa tano zitakuwa tani tatu kamili. Walisema glavu, nilinunua jozi themanini na nne. Walisema choo, nilichimba viwili, mlango mmoja wa rangi ya bluu. Wiki iliyopita ziwa lilipanda likachukua kimoja, na ule wa bluu nao una maji mpaka kwenye kizingiti. Vichanja tumevisogeza mara tatu tangu Pasaka. Samaki wanatufuata mpaka uani, ila hao hawataki kukauka.

Wanaandika kwamba mkaguzi atakuja mwezi wa sita. Ni mtu wa namna gani?

Sidonie


Kolwezi, 2 Juni 2024

Yaya,

Mtoto amekohoa siku tisa. Nakuandikia kwa haraka, Semana anapakia.

Mkaguzi anaitwa Jeancy, kijana wa Lubumbashi. Si mtu mbaya. Hapokei kitu. Msimpe samaki, msimpe soda, hata maji atakunywa yale aliyokuja nayo. Zawadi kwao ni rushwa, ataiandika. Akiuliza, jibuni alichouliza tu.

Mimi hamnijui.

T.


Uvira, Mulongwe, 9 Julai 2024

Mdogo wangu Thaddée,

Natumaini kifua cha mtoto kimepoa. Huku hakuna mgonjwa. Afadhali tungekuwa na mgonjwa kuliko haya.

Jeancy alifika tarehe 25 ya mwezi wa sita. Kijana msafi, viatu vyake alivivua mwenyewe akavuka matope bila kulalamika, nikampenda. Tulikula bugali na sombe mbele yake, yeye amekaa juu ya ndoo na chupa yake ya maji. Maisha yangu yote sijawahi kula mbele ya mgeni mwenye njaa. Mama Uwacu akaninong'oneza, "Huyu wamemroga au wamemlaani?" Nikamwambia ni kanuni. Akasema, "Basi kanuni hiyo haina mama."

Alipima vichanja, akahesabu glavu, akaangalia choo kilichobaki, akaandika "mafuriko" bila kunilaumu. Nikasema moyoni, tumepita. Kisha akatoa orodha akaita majina, kama mimi asubuhi. Wanawake wakaitika kama wanavyoniitikia mimi. Akafika Hatungimana Spès. Jolie akasema, "Niko."

Jeancy akamtazama. Orodha inasema amezaliwa mwaka 1958, maana ndivyo nilivyoandika mwaka wa mama. Jolie ana miaka ishirini na moja.

"Naomba karte yako, mama," akamwambia. Alimwita "mama" kwa heshima kabisa, Thaddée, ndiyo iliyoniuma.

Jolie akatoa karte yake ya utambulisho. Jeancy akasoma, akauliza, "Hatungimana Spès yuko wapi?"

Mama Uwacu akamjibu kabla yangu, akicheka, maana aliona ni swali la kitoto. "Huyo? Huyo tulimzika mwaka wa mafuriko. Yeye na wengine watatu. Waite wote, wataitika."

Akawaita. Wakaitika wote watatu.

Nilimweleza saa nzima. Nilimpeleka kwenye kila mguu wa kichanja. Nilimwambia kwamba orodha hii inalinda watoto wa marehemu, kwamba fungu la marehemu mama Furaha linawalisha watoto wake watano, kwamba kufuta jina ni kufukuza yatima. Alisikiliza, alikuwa na subira. Mwisho akasema: "Mama Sidonie, mimi nakuamini. Lakini ripoti haiandikwi kwa imani. Kwenye orodha nina watu wanne waliokufa na vidole vya watu wanne walio hai. Kwetu hiyo inaitwa wafanyakazi wa uongo. Kuna mtu yeyote nje ya pwani hii anayeweza kuthibitisha kwamba ni desturi?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na jina lako juu ya ulimi. Nikaufunga.

Akapiga picha miguu yote minne ya vichanja akaondoka.

Sasa nakuomba neno moja tu, na sijawahi kukuomba hata moja tangu ulipopanda boti. Nenda kwa Jeancy. Si lazima useme wewe ni ndugu yangu. Sema tu: mimi ni mtu wa Uvira, desturi hii naijua, ipo. Ni maneno tisa, nimeyahesabu. Katika picha zake mojawapo ni mguu wa kichanja cha mama. Yale maandishi, herufi S iliyogeuka nyuma, ni mkono wako. Ulikuwa darasa la pili, mama hakujua kuandika, alikubebea kopo la rangi akakushika mabega usitetemeke. Jina hilo liko ofisini kwenu, mezani, na weye uko chumba cha pili.

Dada yako,
Sidonie


Uvira, Mulongwe, 1 Septemba 2024

Thaddée,

Salamu kwa Olive na mtoto.

Semana anasema barua yangu ya mwezi wa saba aliiweka mikononi mwa Olive, na weye ulikuwa umesimama nyuma yake mlangoni. Basi haikupotea njiani.

Kontra imesimamishwa "mpaka kamati ikae". Tani tatu za mwezi wa saba zimekwama Kalemie, katika ghala lililoingiwa na maji ya ziwa, Semana ameziona zikitoa funza. Za mwezi wa nane tumezikausha kwa mazoea, hakuna anayezitaka kwa wingi huo. Wanawake kumi na mmoja wameacha vichanja. Sita wameenda kulima bondeni, kibarua katika mashamba ya watu, watatu wanabeba mchanga, wawili sijui.

Jolie anauliza kama ni yeye aliyeharibu kwa kusema "niko". Nimemwambia hapana. Anauliza tena kila asubuhi.

Nijibu hata kwa mstari mmoja.

Sidonie


Kolwezi, 22 Septemba 2024

Yaya wangu mpendwa,

Nakusalimu sana, na ndugu wote, na majirani wa Mulongwe. Hapa jua limeanza kuwa kali. Mtoto sasa anakaa mwenyewe, ana jino moja. Kikohozi kinaenda na kurudi, walituandikia dawa mpya, na hospitali ya kampuni inampokea bila kuuliza, tunamshukuru Mungu kwa hilo. Kanisani wamenichagua katika kamati ya ujenzi. Olive anauliza kama bado mnapata yale maembe madogo.

Nilichelewa kujibu kwa sababu ya kazi nyingi.

Kuhusu lile jambo, kamati ilikaa tarehe 12. Yaya, haya mambo hayaamuliwi na watu wa ngazi yangu. Kampuni ya mgodi inaibana kampuni yetu, na kampuni yetu nayo lazima imbane muuzaji. Wao wenyewe wana kijitabu chenye maswali mia na zaidi. Wakikuta majina yasiyo ya kweli mahali pamoja, sisi tunapoteza jiko lote, watu mia nne. Waliamua. Naamini utapata barua rasmi. Najua utasikitika, lakini tusimame katika maombi.

Ushauri wangu kama mdogo wako: futeni majina ya zamani, andikeni ya walio hai, na baada ya miezi ishirini na minne mnaweza kuomba upya. Utaratibu unaruhusu.

Barua hizi ni vizuri tukizipunguza kwa sasa.

Wako katika Kristo,
Thaddée


Uvira, Songo, tarehe 17 Novemba 2024

Thaddée,

Namsalimu Olive. Namsalimu Spès na jino lake. Kama meno sasa ni mawili au matatu, yote nayasalimu.

Nakuandikia kutoka Songo, tumehama. Ziwa lilirudi nyuma likatuachia nyumba bila ukuta wa mashariki. Sisi ni wazima. Maembe madogo yapo, mwambie Olive.

Barua rasmi ilifika. Mistari minne. Lakini weye umesahau kwamba kile kijitabu nilikisoma mara mbili. Kanuni ya 70 inasema: muuzaji aliyekataliwa ana haki ya kupewa nakala ya ripoti yote akiiomba. Niliiomba. Jeancy ni mtu wa kanuni, ameituma, kurasa nane, na picha.

Alinitetea, Thaddée. Kijana wa Lubumbashi asiyejua ndagala ilivyo hai, ukurasa wa tatu mpaka wa tano, anaeleza vichanja, anaeleza yatima, anaomba kamati isiite uongo kabla ya kuuliza. Ukurasa wa saba nimeusoma mpaka nikaujua kwa moyo: "Mfanyakazi mmoja wa biro ya manunuzi, mzaliwa wa Uvira, aliulizwa kama desturi hii ipo pwani kwao. Alionyeshwa picha. Alijibu kwamba haijui."

Nilimuuliza Semana mko watu wangapi wa Uvira katika biro hiyo. Alihesabu kwa vidole, akaishia kwenye cha kwanza.

Sikuulizi kwa nini. Najua kwa nini: kifua cha mtoto, nyumba, fomu ya mwezi wa kwanza. Nimepiga hesabu yako kama ninavyopiga zangu, na kila mstari ni sahihi. Ni jumla tu ambayo siwezi kuisoma.

Uliniambia niandike majina kama yanavyoitwa asubuhi. Barua hiyo ninayo. Kama ningeituma kwa Jeancy mwezi wa tisa, pengine leo tungekuwa tunapakia. Niliitoa kwenye sanduku mara mbili, nikairudisha mara mbili. Hiyo ni ya kujua tu.

Vichanja vimebaki kumi na saba. Jolie aliondoka tarehe 9 ya mwezi huu, amevuka Gatumba kwenda kutafuta kazi ya nyumbani Bujumbura. Alisema hawezi tena kusikia jina la mama likiitwa. Nami mguu umevimba, nashika kichanja changu kwa shida, siwezi kushika viwili. Kwa hiyo wiki iliyopita niliita Hatungimana Spès, na hakuna aliyesema "niko". Kesho yake niliita tena. Weye unaijua sheria, au uliijua: asubuhi tatu bila jibu, jina linafutwa, fungu linagawiwa.

Asubuhi ya tatu niliita mara mbili, kinyume cha utaratibu. Wavuvi walikuwa wanangoja na makarai. Mama Uwacu, ambaye hana haraka ya kumhurumia mtu, akasema, "Spès ana mtoto wa kiume. Alisoma kwa kichanja hiki. Yuko hai?"

Nikasema, "Yuko hai. Yuko Kolwezi."

"Basi aitikie hata kwa barua. Desturi anaijua?"

Wanawake kumi na sita walinitazama. Nikawajibu kama ilivyoandikwa ukurasa wa saba.

"Haijui."

Mama Uwacu alienda mwenyewe akachukua jiwe la kusugulia sufuria, akapiga magoti, akalisugua jina. Rangi yako ilikuwa nzuri, ilichukua muda. Ile S iliyogeuka ndiyo iliyotoka mwisho.

Pamoja na ripoti wameniletea fomu ya kuthibitisha taarifa zangu, wataitunza miezi ishirini na minne. Swali la 61 liko palepale. Mwezi wa pili nilikuuliza niandike nini. Safari hii niliandika hapana bila kuuliza.

Sidonie,
kichanja namba saba